Ufunguo ni wa Utumishi, Si wa Mtu



Katika parokia zetu nyingi maandishi yamehamia katika kompyuta: masomo ya katekesi, nyimbo za kwaya, majina ya wakatekumeni. Tunayanakili pia katika diski ya nje, na kila juma tunalinganisha pande hizo mbili, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Lakini katibu akihamishwa, au kompyuta mpya ikiletwa, mara folda inakataa kufunguka. Kioo kinaandika «Accès refusé», na kazi inasimama. Wengi hudhani ni virusi, au kwamba diski imekufa. Mara nyingi sivyo.

Tuelewe chanzo. Katika diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa NTFS, Windows huandika kwa kila faili ni nani mwenye faili hiyo na ni nani wameruhusiwa kuifungua. Lakini haiandiki jina. Huandika namba ndefu ambayo kompyuta ilimpa mtumiaji siku akaunti yake ilipofunguliwa. Akaunti mbili zenye jina moja, katika kompyuta mbili, zina namba mbili. Hivyo faili inamngoja mtu ambaye nyumba mpya haimjui.

Anayetaka kutengeneza asikimbilie kufuta. Kwanza atazame kama faili imefunguliwa na programu nyingine, au kama diski imejaa. Flashi iliyoandaliwa kwa FAT32 au exFAT haitunzi ruhusa hizo. Tena FAT32 haipokei faili inayofikia GB 4. Huko tatizo lina sababu nyingine. Lakini kama ni NTFS, atazame sifa za folda, sehemu ya usalama. Akiona namba inayoanza na S-1-5 mahali pa jina, amepata ugonjwa. Basi, kwa akaunti ya msimamizi, abadilishe mwenye folda, kisha atoe ruhusa upya, na ajaribu faili moja kabla ya kuendelea na zote.

Ampe nani ruhusa hiyo? Hapa ndipo penye fundisho. Akimwandika mtu mmoja, shida itarudi siku mtu huyo atakapoondoka. Akiliandika kundi la watumiaji ambalo Windows yenyewe imeliweka, namba ya kundi hilo ni ileile katika kila kompyuta ya Windows. Popote diski iendapo, kundi linatambuliwa. Vivyo hivyo kwa kundi la wasimamizi. Basi masomo na nyimbo viwe vya watumiaji wote. Lakini majina ya wabatizwa yabaki kwa wasimamizi, na diski yenyewe ifungiwe kabatini, maana msimamizi wa kompyuta nyingine aweza kujitwalia ruhusa. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, kanuni ya 535, inamkabidhi paroko utunzaji wa vitabu vya parokia. Si mali ya kuachwa wazi kwa kila apitaye.

Nabii Isaya, katika sura ya 22, anasimulia habari za Shebna, msimamizi wa nyumba ya mfalme, aliyejichongea kaburi la fahari kana kwamba cheo ni chake milele. Mungu alimwondoa, na ufunguo wa nyumba ya Daudi ukawekwa begani mwa Eliakimu. Ufunguo haukuzikwa pamoja na Shebna. Ulikuwa wa utumishi.

Nasi tunakutana na akina Shebna wadogo: mwimbishaji anayeondoka na daftari la nyimbo, mweka hazina asiyemwonyesha mwenzake hesabu. Anapoondoka, kazi ya miaka inabaki imefungwa, na wanaobaki wanaanza upya kwa machozi. Kumwandaa atakayetufuata si kujidharau. Ni kukiri kwamba shamba ni la Bwana.

Tujiulize katika kikundi: Ni kazi gani leo inafunguka kwa mkono wa mmoja wetu tu? Nani atajifunza kuifungua kabla ya Dominika ijayo?