Mwenye macho haambiwi tazama, lakini darubini humfaa

Msomaji, ikiwa makao yako ni Nairobi, basi una bahati ambayo wakazi wa miji mikuu mingi duniani hawana. Mwendo wa kilomita saba hivi kutoka katikati ya jiji unakufikisha katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka wa 1946 ikiwa ya kwanza nchini. Katika kilomita mraba 117 mna simba, nyati, twiga, vifaru weusi na zaidi ya aina 400 za ndege.

Hata hivyo, kuna familia ambazo hulipa kiingilio, zikazunguka hadi jua la utosi, kisha zikarudi nyumbani zikinung'unika kwamba hazikuona kitu. Vitu vilikuwapo! Kifaru aliyelala katika nyasi ndefu mita 400 kutoka barabarani huonekana kama jiwe, na duma juu ya kichuguu huonekana kama kijiti. Kilichokosekana ni darubini.

Zamani chombo hiki kilining'inia shingoni mwa mwindaji. Kabla ya kuinua bunduki, alikitumia kupeleleza pembe na umri wa mnyama, na kama ni jike mwenye ndama. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, ingawa kwa majirani zetu Tanzania bado unaruhusiwa kwa leseni. Bunduki ziliondoka, darubini ikabaki. Na somo moja la wawindaji lingali linatufaa: wanyama wengi hutembea alfajiri na jioni, kwa hivyo darubini njema ni ile inayoona hata mwanga ukiwa hafifu.

Utaijuaje? Kila darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42. Namba ya kwanza yaeleza mara ngapi inakuza. Mnyama aliye mita 400 ataonekana kana kwamba yuko mita 50. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, yaani mlango wa kuingizia mwanga. Gawanya 42 kwa 8, upate tano na ushei. Kadiri jibu lilivyo kubwa, ndivyo utakavyoona vyema katika kiza-kiza. Ile ndogo ya mfukoni ya 8x21 haifikishi hata tatu. Ni ya mchana tu.

Usije ukadanganywa kwamba yenye kukuza sana ndiyo bora. Ikipita mara kumi, mtetemo wa mkono nao hukuzwa, na eneo unaloliona huwa finyu. Mtoto atahangaika kumtafuta twiga hadi twiga aondoke. Kwa familia, 8x42 yatosha. Jihadhari pia na zile za bei rahisi zenye lenzi nyekundu kama kito. Wekundu huo hupunguza mwanga na kuharibu rangi.

Kabla hujalipa, toka nje ya duka uangalie mlingoti au ukingo wa paa la mbali. Ukiona vitu viwili badala ya kimoja, au macho yakianza kuuma, irudishe. Mvaa miwani ahakikishe kwamba pete za mpira za machoni zinashuka. Mtoto naye ajaribu, kwani macho yake yamekaribiana na si kila darubini hujikunja kiasi hicho.

Kuirekebisha si kazi. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi la kushoto lione wazi. Kisha fumba la kushoto, uzungushe pete ya upande wa kulia. Na tafadhali, waonye watoto wasielekeze darubini kwenye jua kamwe. Yaweza kuwapofusha.

Sasa ipeleke mbugani. Ingia langoni saa kumi na mbili asubuhi. Simamisha gari pahali palipoinuka, uzime injini kwa sababu mtikisiko wake hufika kwenye lenzi, kisha egemeza viwiko dirishani. Pitisha macho polepole kutoka kushoto hadi kulia kama asomaye kitabu. Mara jiwe litatikisa sikio. Kumbe ni kifaru!

Mwisho, msomaji, liko jambo kubwa kuliko starehe yako. Asiye na darubini kila mara humwambia dereva, "Songea kidogo." Naye wa nyuma husonga, na wa tatu pia, hadi duma anazingirwa na magari. Duma huwinda mchana kwa kunyatia. Swala akishtuliwa na magari hayo, wana wa duma hulala njaa. Mwenye darubini hukaa barabarani, injini kimya, akaona mengi kuliko waliosonga.

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Naam, lakini na atazame kwa mbali.