Tumenunua Nini? Miwani ya Watoto na Maduka Mawili



Wapenzi wasomaji, tunawataka radhi wale waliotarajia tuendelee wiki hii na maudhui ya mirathi. Tutayarejea inshallah, na huenda yakajitokeza humu humu kabla hatujamaliza. Limetufika jambo nyumbani ambalo akina mama wawili wamekwisha kutuuliza mfano wake baada ya darsa, nasi tukaona ni afadhali tulieleze lilivyotokea.

Nyumbani kwetu imeingia miwani. Si miwani ya kusomea, bali ile ya uhalisia pepe, ambayo mtu huivaa usoni akajiona yumo uwanjani au juu ya mlima, ilhali amesimama sebuleni akipiga teke meza ya mamake. Tuliinunua mtumba katika duka moja la simu hapa Mombasa kwa shilingi 25,000. Ni aina ya Quest 2, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya Facebook, ambayo siku hizi huitwa Meta. Muuzaji alituambia kwamba ndani yake mna michezo 12, na kwa ajili hiyo bei yake ilizidi ya duka la jirani kwa shilingi 3,000. Tuliridhia, tukalipa, tukaondoka.

Binti yetu ana umri wa miaka 11. Mamake akashikilia kwamba hatoivaa mpaka usimamizi uwe mikononi mwa mzazi, na alikuwa na haki. Tangu mwaka 2023 kampuni hiyo huwakubali watoto wa miaka 10 hadi 12 kwa sharti kwamba mzazi ndiye afunguaye akaunti yao na kuisimamia. Kazi hiyo tukamwachia mpwa wetu asomaye chuo kikuu. Ili akaunti yetu iingie kama ya mwenye chombo, ilimbidi aifute ya mwenye kwanza. Akaifuta. Michezo yote 12 ikaondoka nayo, na miwani ikabaki nyeupe kama ubao wa chuoni uliooshwa.

Tulirudi dukani tukiwa tumeshika hoja ya khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa iliyodhihiri kasoro ya tangu awali. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akatujibu, “Sheikh, michezo ilikuwamo, mwenyewe uliiona. Nyinyi ndio mlioifuta.” Tukanyamaza, kwa sababu alisema kweli. Kisha binti yetu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akauliza, “Abba, kwani yeye bado anayo?” Kijana akaifungua simu yake kutazama. Alikuwa nayo. Michezo yote 12 ilikuwa imo katika akaunti yake kama alivyoinunua, na akipata miwani nyingine ataicheza. Alikuwa ametuuzia kitu ambacho hakikumtoka. Tulimwona jinsi uso ulivyombadilika. Hakuwa amekusudia hadaa, bali naye alidhani anauza kilicho chake. Akaturudishia shilingi 2,000, kwa haya zaidi kuliko kwa hoja, nasi tukasamehe elfu iliyobaki.

Shilingi 2,000 hizo ndizo zilizozua mashauri. Watoto walitaka mchezo wa Walkabout Mini Golf, ambao ni gofu ndogo ya kupiga vijipira katika visiwa na mapango. Bei yake ni takriban dola 15, nazo ni kiasi kile kile tulichorudishiwa. Mchezo wenyewe hatukuona neno nao. Ila unauzwa katika maduka zaidi ya moja, na nyumba ikagawanyika.

Mpwa wetu alisimama upande wa Steam, duka la kampuni ya Valve lililofunguliwa mwaka 2003. Hoja yake ilikuwa nzito. “Mjomba,” akasema, “ukinunua katika duka la Meta, mchezo unafungwa na miwani ya Meta. Kesho mkitaka miwani ya kampuni nyingine, mtanunua upya. Steam haijali miwani ni ya nani.” Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba ukinunua kwa Meta, Steam haitakutambua, wala ukinunua kwa Steam, Meta haitakutambua, hata kama mchezo ni ule ule na jina ni lile lile. Lakini Steam haichezeki katika miwani yetu peke yake. Inahitaji kompyuta yenye nguvu, ya bei kubwa kuliko hiyo miwani. Kompyuta yetu ni ile tuandikiayo khutba, na hata khutba huichosha. Binti yetu akatoa hukumu yake: “Basi tutakuwa na mchezo wa kuutazama jina.”

Katika mambo mengine maduka haya yanalingana. Yote mawili humrudishia mnunuzi fedha zake akiomba ndani ya siku 14, madhali hajacheza zaidi ya saa mbili. Jambo hili lilitufurahisha, kwa kuwa lina harufu ya khiyari ya sharti, ambayo katika madhehebu yetu ya Shafi haizidi siku tatu. Wauzaji wangapi wa mjini kwetu hutoa hata hizo tatu? Wengi huandika kwa herufi kubwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na tumezoea.

Kuna na duka la tatu, nalo tulilifunga kabla halijafunguliwa. Mtoto wa jirani alijitolea kututilia michezo mingi ya wizi kwa shilingi 1,000. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikwisha kupitisha katika kikao chake cha Kuwait, mwaka 1988, kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Tulimshukuru, tukampa kahawa.

Lakini swali la binti yetu kule dukani halikututoka. Tulikaa nalo baada ya Isha, tukayafungua masharti ya maduka hayo na kuyasoma kama tusomavyo akdi. Katika vitabu tulivyofundishiwa madrasa, bei ni kumilikisha kitu chenye thamani kwa badali, au kumilikisha manfaa ya halali kwa daima. Mfano tuliopewa ni haki ya kupita: mtu akuuzie njia katikati ya kiwanja chake, kiwanja kibaki chake na upitaji uwe wako milele. Ijara nayo ni kuuza manfaa kwa muda unaojulikana, kama nyumba ya kupanga. Sasa kitufe cha “nunua” kinatuuzia kipi? Si kitu, kwa kuwa hatuwezi kukiuza wala kukiazima. Masharti ya Steam hayaruhusu akaunti kuuzwa wala kuhamishiwa mtu mwingine, na hapa ndipo mirathi ilipojitokeza: mzazi akifariki na michezo mia, mrithi hana njia ya halali ya kuipokea kwa masharti hayo. Wala si manfaa ya daima. Mchezo wa Echo VR, uliokuwa na wapenzi wengi, wenyewe waliufunga tarehe 1 Agosti 2023. Wala si ijara, kwani muda wake haukutajwa. Ni idhini ya kutumia mpaka mwenyewe aghairi.

Hatusemi haya kwa kuwabeza. Steam wenyewe, tangu Oktoba 2024, huandika mahali pa kulipia kwamba mnunuzi anapata leseni tu. Mwezi mmoja kabla yake jimbo la California lilikuwa limetunga sheria ya kuwalazimisha wauzaji wa aina hii wabainishe jambo hilo. Kubainisha ni katika uaminifu. Tulishangaa kujikuta tukiuona ule mpango wa Meta wa kulipia kila mwezi, ulioanza mwaka 2023 kwa dola 7.99, kuwa ndio safi zaidi kwa jina lake: unalipa mwezi, unacheza mwezi, ukikoma michezo inakoma. Ijara dhahiri. Ubaya wake ni kwamba hujihuisha wenyewe mwezi unapokwisha, na fedha hukatwa ilhali mwenye nyumba amelala. Na kwa mchezo mmoja, miezi miwili ya kodi inazidi bei yake.

Basi tukanunua katika duka la Meta, mchezo huo mmoja, kwa akaunti ya mama watoto, kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa ambayo hailipi ila kilichomo, isiyo na mkopo ndani yake. Mpwa wetu hakuridhika. Tulimwambia kwamba hoja yake ni ya mtu mwenye kompyuta, naye akicheka akasema basi tumnunulie. Kwenye daftari la matumizi ya nyumba, mahali ambapo kwa kawaida tungeandika “mchezo”, mama watoto aliandika “kiingilio cha gofu”, akaweka shilingi 2,000 katika safu ile ile ya matembezi ya Idi na tiketi za kivuko. Hakuiweka katika safu ya vyombo. Miwani ndiyo iliyo kwenye safu ya vyombo.

Siku ya tatu tuliambiwa tuivae sisi. Tulipiga kijipira kikaingia baharini mara nne, na binti yetu akatukumbusha kwamba saa mbili za kurudishiwa fedha hazijesha, kama hatukuipenda.