Mpira na Malezi

Wako watu wengi waudhanio mchezo kuwa ni ndugu wa uvivu. Husema kuwa mtoto aukimbiliaye mpira aikimbia kazi, na mzazi amwachiaye amharibu. Nimelelewa miongoni mwa watu wa rai hiyo, wala siwacheki, maana penye dhiki kila saa ya mtoto ina thamani yake. Lakini hoja yao yasahau jambo moja: mtoto aliyenyimwa mchezo hawi mchapa kazi kwa kunyimwa huko. Mara nyingi huwa mtu asiyejulikana alipo.

Nilikulia Bugwema, katika nchi ya Musoma, jirani ya Ziwa Viktoria. Huko tulicheza chandimu kwa mpira wa matambara uliofungwa kamba za katani, na goli letu lilikuwa mawe mawili. Aliyetuongoza alikuwa kijana wa kijijini aliyemaliza shule akakosa kazi, nasi tulimwita kaka. Sheria zake zilikuwa mbili: asiyekwenda shule asubuhi hachezi jioni, na amtukanaye mwamuzi hutoka. Hakutulipisha wala hakulipwa. Siku moja mzee mmoja alimwuliza, "Kijana, wapata nini kwa watoto hawa?" Akajibu, "Shikamoo, babu. Napata kujua waliko."

Kisha maisha yakamwita mjini, akaenda kutafuta riziki kama ilivyo haki ya kila mtu. Kiwanja kikageuka malisho. Kabla mwaka haujaisha, wenzetu wawili walikuwa wameacha shule na kufuata kambi za wavuvi. Mmoja wao, mlinda mlango wetu, hakurudi darasani tena. Tangu hapo swali moja limenikaa moyoni: wema ushikwao na mkono mmoja utadumuje mkono ule ukiondoka?

Jawabu lililo karibu na ukweli nimelikuta katika habari za Mathare, mtaa wa mabanda mjini Nairobi. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada, alisaidiana na vijana wa mtaa huo kuanzisha chama cha michezo kiitwacho MYSA. Taka zilikuwa zimejaa njiani na mitaroni, na wa kuzizoa hawakutosha. Basi usafi ukaingizwa katika ligi yenyewe: timu iliyosafisha mtaa ilipewa alama sita, nazo ni sawa na kushinda michezo miwili. Hivyo beleshi likawa na heshima moja na kiatu cha mpira. Mwaka 1992 wasichana nao wakaingia uwanjani. Mwaka 1994 ikaundwa timu ya Mathare United, iliyotwaa kombe la taifa mwaka 1998 na ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Vikombe hivyo vyapendeza, lakini mimi nastaajabia jambo lingine. Katika chama hicho vijana wenyewe walipewa kuamua mambo, kufundisha wadogo wao na kuchezesha michezo. Na aliyejitolea kwa wenziwe aliwekewa alama ambazo zingeweza kumpatia karo ya shule. Aliyelelewa jana akawa mlezi leo. Hapo ndipo tofauti ilipo baina ya Mathare na kiwanja chetu. Kaka yetu hakukosa moyo. Alikosa wa kumrithi.

Haifai kuupa mpira sifa isiyo yake. Mpira hauleti maji mtaani, haujengi choo, wala haushibishi mwenye njaa. Katika maelfu wachezao ni wachache mno watakaopata mkate kwa miguu yao, na mlezi awaahidiye wote utajiri awadanganya. Kazi ya mchezo ni ndogo kuliko hiyo, nayo ni ya lazima kuliko hiyo: kumpa mtoto saa ijulikanayo, sheria impasayo tajiri na maskini sawa, na mtu mzima mmoja atakayeuliza asipomwona.

Kwa hiyo anayetaka kuwafaa vijana, awe mjini Musoma, Dar es Salaam au Nairobi, asianze kwa kuhesabu mipira na jezi. Ahesabu kwanza wale watakaobaki uwanjani yeye atakapokuwa hayupo. Mpira wa matambara huchakaa kwa juma moja, na mwingine hufungwa. Mlezi hafungwi kwa kamba. Hulelewa kwa miaka, naye huanza akiwa mtoto.