Mjerumani Alirudi na Chaki

Bagamoyo niliyokulia haikuwa na meli. Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, biashara ikawafuata, na mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, tulikuwa tumebaki na ngalawa, minazi, nyumba za matumbawe zilizoanza kumeguka, na Boma ambamo baba yangu alikuwa karani wa serikali. Barabara ya kwenda Dar ilikuwa ya vumbi. Masika ikishika, basi lilikaa Mpiji mpaka maji yapungue, abiria wakashuka kutafuta mihogo ya kuchoma. Mgeni akiingia mjini, habari zake zilifika sokoni kabla yake.

Kwa hiyo Wafrelimo walipokuja, kila mtu alijua.

FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane, na Septemba 1964 ikaanza vita vya kumng'oa Mreno Msumbiji. Shule yake ya Dar ilifungwa mwaka 1968 baada ya mgogoro mkali baina ya wanafunzi na uongozi. Mwaka 1970 sekondari yake ikafunguliwa upya kwetu. Wakati huo Mondlane alikwishauawa, tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Nawakumbuka wazee wa barazani walivyolirudia jambo hilo kila likitajwa jina lake. Mtu kupigwa risasi walilielewa. Kitabu, ambacho wao walikishika baada ya kutia udhu, kufanywa mtego wa kumuulia msomi, hilo liliwashinda.

Kambi ilikuwa upande wa Kaole, njia ile ile tuliyopita kwenda kuokota korosho na kuchungulia makaburi ya kale kwenye magofu. Vijana wake walikuwa wakubwa kwetu kidogo tu. Walivaa kaptura za kaki, walilima mihogo na mahindi yao wenyewe, na walipotembea walitembea kwa makundi. Waliotoka Cabo Delgado walizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kimakonde. Waliotoka kusini, pande za Gaza na Lourenço Marques (Maputo ya leo), walikuwa na Kireno na lugha za kwao tu, na sokoni walinunua samaki kwa vidole. Jioni walicheza mpira na vijana wa mjini, na bao likiingia ungesikia "A luta continua!" ikipigwa na pande zote mbili, sisi watoto tukiwa wa kwanza.

Na walikuwa na walimu Wazungu. Mmoja wao, mrefu, mwembamba, mwenye miwani na ndala za mpira kama zetu, alikuwa Mjerumani.

Siku bibi yangu alipomwona mara ya kwanza tulikuwa pwani, kwenye mnada wa samaki, naye mwalimu yule ameinama anachagua vibua. Bibi alikuwa binti mkubwa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, kwa hiyo utawala wa Wajerumani aliujua kwa macho yake. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Yule Mdachi."

"Ndiyo, bibi. Ni mwalimu wa Wafrelimo."

"Mwalimu wa nini? Baba yangu walimlaza pale Bomani wakampiga hamsa ishirini kwa kodi ya kibanda. Leo wamerudi kumfundisha nani?"

Jioni alimweleza baba, na akamwambia wazi kwamba hapendi Mdachi apite mbele ya mlango wake. Baba alizima redio, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi wakati wa taarifa ya habari, akakaa kwenye mkeka karibu naye.

"Mama, Ujerumani siku hizi ziko mbili. Huyu ni wa Mashariki. Serikali yao inasema ardhi na viwanda ni mali ya umma, na wanawasaidia hawa vijana dhidi ya Mreno."

"Na wa Magharibi je?"

"Wa Magharibi wamemuuzia Mreno ndege."

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo nimeishi nalo: ndugu waliogawana nyumba, mmoja amempa Mreno ndege za kuwapiga mabomu hawa watoto, mwingine amewaletea mwalimu, sasa wakigombana wao, nani atakufa?

Baba hakumdanganya. Ndege za Fiat G.91 zilizoshambulia vijiji vya kaskazini mwa Msumbiji zilitoka kweli katika jeshi la Ujerumani Magharibi. Ureno ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa NATO mwaka 1949, na ingawa umoja huo haukupigana Afrika kwa jina lake, silaha na mafunzo ya nchi wanachama wake vilimfikia Mreno. Upande wa pili tarehe 14 Mei 1955 nchi nane za kikomunisti zilitia saini Mkataba wa Warsaw: Umoja wa Kisovieti, Poland, Ujerumani Mashariki, Chekoslovakia, Hungaria, Romania, Bulgaria na Albania. Mwalimu wetu wa siasa aliichora ramani ya pande hizo mbili ubaoni kwa chaki ya rangi mbili, akatuambia tuinakili kwenye madaftari. Kalamu za rangi hatukuwa nazo, hivyo upande mmoja tuliupaka mkaa.

Hakuna kikosi cha Warsaw kilichowahi kupiga kambi pwani yetu. Bunduki za FRELIMO zilitoka katika nchi hizo moja moja, na pia China, ambayo haikuwa katika mkataba na ilikuwa imegombana vikali na Moscow. Baadhi ya wapiganaji walikwenda kufundishwa Crimea. Wengine walifundishwa na Wachina kwetu huku huku, Nachingwea. Shehena zilishuka Dar es Salaam na kupitia mikononi mwa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), iliyokuwa na makao yake Dar tangu 1963, na jeshi letu la JWTZ. Tanzania ilishikilia kwamba silaha zisipite nyuma ya mgongo wake. Jambo hilo silioni likipewa uzito unaostahili. Nchi maskini ilipokea misaada kutoka kwa wakubwa wasiosalimiana, na ghala ikaendelea kuwa yake.

Wala haikuwa kipofu. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 1968 majeshi ya Mkataba wa Warsaw yaliingia Chekoslovakia, nchi mwanachama wa mkataba huo huo, kwa sababu viongozi wa Prague walitaka ukomunisti wenye uhuru zaidi. Romania ilikataa kupeleka askari. Albania, iliyokwishaegemea China, ikajitoa kabisa. Serikali ya Mwalimu Nyerere ililaani uvamizi ule hadharani, bila kuuma maneno, huku ikijua kwamba silaha za wapigania uhuru zilitegemea waliokuwa wakilaaniwa. Nilikuwa mdogo mno kuyaelewa, lakini baba aliikata habari ile kutoka gazeti la Uhuru na kuihifadhi ndani ya kabati la vyombo. Miaka mingi baadaye nilipomuuliza sababu, alisema aliona fahari. Tulimpinga mwenye nguvu aliyekuwa rafiki yetu, akasema, na tulifanya hivyo mapema, wakati bado tulikuwa na haja naye.

Nami naamini Nyerere alikuwa sahihi mara zote mbili, alipolaani vifaru vya Prague na alipofungua bandari kwa bunduki za Msumbiji. Hoja yake ilikuwa moja: hakuna taifa lenye haki ya kulikalia taifa jingine. Aliyempinga Mreno Beira alipaswa kumpinga Mrusi Prague. Wengi wa wakubwa wa dunia, pande zote mbili, waliona nusu tu ya hoja hiyo.

Kwangu mimi Mkataba wa Warsaw una sura ya daftari. Kijana mmoja wa kambini, mkubwa wangu kwa miaka minne au mitano, alinizoea kwa sababu nilimfundisha majina ya samaki. Kibua, changu, tasi, pono. Naye alinionyesha daftari lake la hisabati. Karatasi ilikuwa nzito na laini, yenye miraba midogo ya samawati, tofauti kabisa na madaftari yetu yaliyotoboka ukifuta mara mbili. Ndani yake alikuwa amechora pembetatu kwa bikari, mistari myembamba iliyonyooka, na kila mahali mwalimu wake Mjerumani alipopita palikuwa na alama ndogo nyekundu. Ukurasa mmoja mwalimu hakuridhika. Alikuwa ameandika upya hesabu nzima pembeni, hatua kwa hatua, kwa mwandiko mdogo wa kulalia upande, kisha chini yake yule kijana akairudia mwenyewe mpaka ikatoka. Tulikaa chini ya mwembe na akanifundisha kugawanya pembe katikati kwa bikari. Hesabu ile ninaijua hadi leo.

Nilimuuliza atakuwa nani vita vikiisha. Akasema mwalimu wa hisabati. Baadaye alipelekwa Nachingwea, na kutoka huko wengi walivuka Ruvuma. Sikupata habari zake tena.

Woga nao ulikuwepo. Novemba 1970 Mreno alivamia Conakry, mji mkuu wa Guinea, kwa kutokea baharini, na kila mtu wa pwani yetu aliielewa maana yake. Bagamoyo ni ufuko mtupu. Mwongozo wa chama cha TANU wa mwaka 1971 ukasisitiza ulinzi wa umma, na jioni wavuvi na makarani, baba akiwemo, wakawa wanapiga kwata la mgambo kwa fimbo za mti. Usiku mashua isiyojulikana ikionekana nje ya mwamba, watu waliamshana. Bibi, aliyekuwa amewakataa Wadachi wote kwa pamoja, ndiye aliyetupangia mahali pa kukimbilia: shambani kwa mjomba, upande wa Kiromo, tusipite njia ya pwani.

Tulisoma pia hadithi. Mwaka 1974 A. E. Musiba alitoa *Kufa na Kupona*, na Willy Gamba, mpelelezi wake, akawa shujaa wa kila kijana aliyejua kusoma. Nakala moja ilizunguka mtaani hadi ikapoteza jalada. Filamu za ujasusi zilizoonyeshwa kwenye sinema za Dar zilitufundisha kwamba hatari ya dunia inatoka Moscow na mwokozi anatoka London. Musiba alitupa ulimwengu tuliouona kwa macho yetu: siri za wapigania uhuru, ofisi za Dar es Salaam, maadui waliotaka Waafrika wabaki chini ya makaburu na Wareno, na Mwafrika mwenzetu akizuia. Nimesoma riwaya nyingi za Vita Baridi tangu hapo, nyingine za waandishi wakubwa sana. Katika nyingi Afrika ni uwanja wa ndege tu, mahali ambapo jasusi hubadilisha pasi. Willy Gamba alikuwa nyumbani kwake.

Tarehe 25 Aprili 1974 askari wa Ureno wenyewe waliipindua serikali yao Lisbon, wamechoka na vita vya Afrika. Septemba ukatiwa saini mkataba wa Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, akatangaza uhuru wa Msumbiji. Kambi ikapungua watu, kisha ikatulia. Mwalimu Mjerumani naye hakuonekana tena. Kabla hajaondoka, bibi alikwishaanza kuitikia salamu yake. Mwalimu alimwambia "Shikamoo, bibi," kwa Kiswahili kilichonyooka, naye akajibu "Marahaba," bila kutabasamu, na hakuongeza neno.

Yaliyofuata hayakuwa ya kushangiliwa tu. Idi Amin wa Uganda alipotuvamia mwaka 1978, alikuwa na MiG na vifaru vilivyotoka kwa Warusi wale wale. Na makombora ya "saba saba" ya JWTZ yaliyomkimbiza nayo yalitoka kwao. Mwaka 1979 Msumbiji na Ujerumani Mashariki zilikubaliana kupeleka wafanyakazi wa Msumbiji katika viwanda vya huko. Walikwenda kwa maelfu, sehemu ya mishahara yao ikakatwa kwa ahadi kwamba wangelipwa wakirudi nyumbani. Ukuta wa Berlin ukaanguka, Ujerumani Mashariki ikafutika Oktoba 1990, wengi wao wakarudishwa, na fedha zile hawakuzipata kama walivyoahidiwa. Wameandamana Maputo kwa miaka na miaka wakidai haki yao. Mkataba wa Warsaw wenyewe ulivunjwa rasmi Prague, mji ule ule wa vifaru, tarehe 1 Julai 1991.

Bibi aliuliza nani atakufa, na jibu sasa tunalo. Walikufa vijana wa Msumbiji, na Watanzania wa mpakani waliopigwa mabomu kwa kuwapa hifadhi. Mkono uliowaletea mwalimu ulikuwa wa serikali iliyowafungia watu wake nyuma ya ukuta, na mwalimu aliyeandika hesabu pembeni mwa daftari mpaka mwanafunzi akaielewa alikuwa mtu mwema. Yote mawili ni kweli, na mimi siwezi kusimulia moja nikaficha la pili.

Watalii wanaoletwa Bagamoyo huonyeshwa Boma, mahali Wajerumani walipowanyonga watu wa Bushiri waliowapinga, kanisa ulipopumzishwa mwili wa Livingstone, na magofu ya Kaole. Ni sawa. Lakini wale waliocheza mpira na Wafrelimo sasa ni wazee, na kila mwaka tunawazika wengine. Nawaomba vijana wa Bagamoyo wenye simu za kurekodi, na wale wenye dhamana ya urithi wa ukombozi wa Afrika hapa nchini, waende Dunda, Magomeni na Kaole wakae na wazee hao mwaka huu. Waulizeni majina ya vijana wale, muyaandike.