Kibwagizo cha Mchezaji na Ulimi wa Mtoto



Ukipita jioni katika mitaa yetu ya Katindiuka, hapa Ifakara, utamsikia mtoto akimwambia mwenziwe neno ambalo hakulipata kwa babaye wala kwa mwalimu wake. Amelipata kwenye televisheni. Mchezaji fulani wa kipindi fulani hulisema kila aingiapo, na watazamaji wamekwisha kulizoea hata hulitamka kabla yake. Mimi naliita kibwagizo, kwa kuwa linafanya kazi ileile ya kibwagizo cha shairi: hurudi, na kila lirudipo wasikilizaji huitikia.

Nimefundisha watoto kusoma kwa zaidi ya miaka 40. Katika muda huo nimeiona redio ikitawala, kisha mabanda ya video, kisha televisheni ndani ya nyumba, na sasa simu kiganjani. Basi usidhani nakuandikia ili kulaani televisheni. Nataka tutazame pamoja jinsi neno moja dogo linavyotengenezwa, na jinsi linavyoweza kumfaa mtu au kumdhuru.

Kwanza tukubali kwamba desturi hii si ngeni kwetu. Bibi zetu walipotaka kuanza hadithi walisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" Mtambaji alijua kuwa msikilizaji hupenda kupewa sehemu yake ya kusema. Akishapewa sehemu hiyo huiona hadithi kuwa yake, wala hasinzii.

Watengenezaji wa vipindi vya televisheni wanaijua siri hiyo, ingawa mara nyingine vibwagizo vyao huzaliwa kwa bahati tu. Kuna mpelelezi wa Kimarekani aitwaye Columbo, aliyechezwa na Peter Falk kuanzia mwaka 1968 mpaka 2003. Humhoji mtuhumiwa, huaga, hufika mlangoni, kisha hugeuka na kusema kuwa limebaki jambo moja tu. Jambo hilo moja ndilo limnasalo mkosaji. Mwandishi William Link, aliyemtunga Columbo pamoja na Richard Levinson, alieleza kwamba walipokuwa wakiandika mchezo waliona onyesho moja limekuwa fupi, na Columbo amekwisha kutoka. Kuliko kupiga chapa kurasa upya, wakamrudisha mlangoni. Uvivu wa kupiga chapa ukazaa msemo wa miaka mingi.

Kadhalika katika katuni ya The Simpsons, iliyoanza kuonyeshwa kama kipindi kamili mwaka 1989, baba wa nyumba aitwaye Homer huguna "D'oh!" kila mambo yanapomwendea kombo. Katika maandishi iliandikwa tu kwamba anaguna kwa kuudhika. Dan Castellaneta, mwenye sauti hiyo, akauazima mguno wa James Finlayson wa filamu za zamani za Laurel na Hardy, akaufupisha. Mwaka 2001 mguno huo ukaingizwa katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford. Tazama, msomaji, mguno wa mzaha umekaa katika kitabu cha wanazuoni!

Nasi Afrika Mashariki tumeyaona yetu. Kwa jirani zetu Wakenya, katika kipindi cha Vitimbi, alikuwako Mzee Ojwang. Jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau. Ni Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo kwa miaka mingi sana, akafariki mwaka 2015. Watu wengi walimlilia Ojwang ilhali Wanjau hawamjui. Huku kwetu, Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018, alijulikana nchi nzima kwa jina la King Majuto. Wachezaji hawa walikubali wenyewe kuvaa majina na maneno hayo. Ilikuwa kazi yao, na waliila riziki yake.

Lakini jina la mchezo huweza kumwangukia mtu asiyelitaka. Hapo pana mambo mawili ambayo hayafanani, na nakuomba uyatenge.

La kwanza ni neno linalocheka tendo. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati. Ndani yake mlikuwamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mlevi na mpenda wanawake, ambaye mwisho wake aliambukizwa Ukimwi. Mtaani kwetu ilikuwa mwanamume akianza kutangatanga usiku, wenziwe humwuliza, "Je, nawe umekuwa Mkwaju?" Swali hilo lilimgusa kuliko mawaidha marefu, kwa kuwa alichochekwa ni kitu awezacho kukiacha.

La pili ni neno linalocheka maumbile, na hilo mtu hawezi kuliacha. Darasani kwangu alikuja mtoto aliyehamia kutoka ng'ambo ya mto Kilombero, mwenye ulimi unaobadilisha "r" na "l". Wakati huo palikuwa na kipindi kimoja, nisichokitaja, ambacho mchekeshaji wake alikuwa na kibwagizo cha matamshi ya namna hiyo. Zamu ya mtoto huyu kusoma ilipofika, darasa zima lilipaza sauti na kukisema kibwagizo kile. Akasoma siku mbili, ya tatu hakuonekana.

Bibi yake alinijia baada ya wiki. Akaniambia, "Shehe, mjukuu wangu kila siku asema tumbo. Lakini tumbo linalouma saa ya kusoma tu, likapona saa ya mpira, hilo si tumbo."

Kesho yake niliwauliza wanafunzi wangu, "Mnamcheka nani?" Wakajibu, "Tunamcheka yule wa kwenye televisheni, Shehe." Nikawaambia, "Yule yuko Dar es Salaam, na hulipwa ili achekwe. Huyu mwenzenu mnamlipa nini?" Hapakuwa na jibu. Nikawafunulia Surat al-Hujurat, aya ya 11, ambamo tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina ya kuchukiza. Aya ile walikwisha kuihifadhi zamani. Siku ile waliifahamu.

Jioni, kijana aliyekuwa wa kwanza kupaza sauti alikwenda mwenyewe nyumbani kwa yule mtoto, wakaja pamoja siku iliyofuata. Sitakuficha kwamba jeraha halikupona lote. Mpaka leo mtoto yule husoma kwa sauti ya chini, na mimi humkalisha karibu nami ili nimsikie.

Liko jambo jingine. Tamthilia ya Kituruki ya Diriliş: Ertuğrul ilionyeshwa kwao tangu 2014 hadi 2019, kisha ikatapakaa duniani, na watoto wa hapa wanaijua. Mashujaa wake hulitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa ukelele wanapokwenda vitani. Watoto nao hushika fito, wakalipigia kelele jina hilo wakifukuzana nyuma ya majiko. Siwapigi kwa hilo, lakini huwakumbusha habari ya ndege.

Wewe uliyekulia katika bonde hili umewahi kuamia ndege. Mpunga ukishika punje, mtoto hupanda duguni na kupaza sauti. Siku ya kwanza kundi zima huruka. Siku ya kumi, kwa ukelele uleule, ndege hainui hata kichwa, aendelea kula. Mlinzi mwenye akili huuweka ukelele wake kwa saa ya haja, na saa nyingine hutumia debe au kombeo. Jina tukufu nalo, likigeuzwa kibwagizo cha mchezo, moyo hulizoea; na siku ya shida mtu atalitaja asisikie kitu ndani yake. Wangapi leo husema "Wallahi" sokoni, na mnunuzi asiinue kichwa?

Basi, mzazi mwenzangu, mtoto akija na neno jipya usikimbilie fimbo. Mwulize mambo matatu. Neno hili lamcheka nani? Yule achekwaye aweza kuliacha lile analochekewa? Na je, yeye mwenyewe yuko hapa anasikia? Majibu yakiwa mazuri, cheka naye, kwani kicheko kisicho na jeraha ni neema. Yakiwa mabaya, mweleze sababu, maana mtoto aliyekatazwa bila sababu hulisema neno lake nyuma ya nyumba.

Nawe pia, kabla hujalala, sikiliza ni neno gani umelirudia zaidi mchana kutwa. Watoto wako wamekwisha kulijua, na huenda wanaliigiza huko nje.

Wabillahi tawfiq.