Rupia za Old Moshi: Picha mbaya itakuuzia mali kwa bei ya chuma chakavu

Ukisikia Moshi, msomaji wangu, najua unawaza kahawa na wazungu wenye fimbo wanaopanda mlima. Leo nakupeleka kwingine. Nakupeleka kuangalia hela, na siyo hizi za kwenye simu. Hilo neno lenyewe ni la Mjerumani bwana: mwaka 1904 aliigawa rupia yake katika heller 100, sisi tukasema hela mpaka leo. Na fedha ni jina la madini kabla ya kuwa jina la mshiko. Kwa hiyo safari hii ni ya fedha iliyotengenezwa kwa fedha.

Stendi ya Moshi mjini unapanda Hiace ya Kiboriloni. Wenye ugonjwa wa mitumba wataishia hapohapo sokoni na sitawalaumu. Mimi nikachukua bodaboda kuelekea Kidia, Old Moshi. Barabara inapanda, joto la mjini linabaki nyuma, migomba inafunika jua na chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa magimbi. Maji ya mfereji yanapita pembeni ya njia yakipiga kelele kama yana haraka ya kwenda kazini. Kibo siku hiyo alijifunika blanketi la mawingu, hakutaka wageni.

Nilikuwa nakwenda kwa bibi wa mshikaji wangu niliyesoma naye sekondari. Nikasalimia, "Shikamoo bibi." Akajibu marahaba mjukuu wangu, umekula? Kabla sijajibu bakuli la mtori likawa mbele yangu. Halafu akaleta kopo la zamani la Kimbo, ndani kitambaa, ndani ya kitambaa rupia nne za Mjerumani na shilingi mbili za simba.

Kisa chenyewe ni hiki. Bibi ana mtoto wa jicho, anatakiwa kufanyiwa operesheni, na familia inahesabu nauli, dawa na siku za kukaa mjini. Mshikaji akazipiga picha sarafu zote sita kwa mpigo, usiku, zikiwa zimerundikwa kwenye sahani, flashi ya simu inawaka. Akamrushia mnunuzi mmoja wa Dar. Jamaa hakuchukua dakika kumi: "Zote zimechakaa. Elfu kumi kila moja. Nitumie kwa basi."

Niliiangalia ile picha nikacheka kwa uchungu. Ilikuwa kama madoa sita meupe. Hata mimi ningesema zimechakaa.

Ukweli ni kwamba bei ya sarafu ya zamani haitoki kwenye uzee wake. Inatoka kwenye hali yake, wenyewe wanaita daraja. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitoa mtindo wa kuzipa alama kutoka 1 hadi 70. Moja ni ile unayoitambua kwa shida, sabini ni ile ambayo hata ukiweka lenzi huoni dosari. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana bei kama baiskeli na pikipiki kwa sababu ya daraja tu.

Sasa daraja linasomwaje? Angalia sehemu zilizoinuka, maana ndizo zinazosuguliwa kwanza mfukoni. Kwenye rupia ya Mjerumani kuna Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Anza na huyo tai. Kama manyoya ya mabawa yanahesabika, hiyo sarafu haikutembea sana. Kama tai amekuwa uvimbe kama kichuguu, imepita mikono mingi. Shuka kwenye masharubu, halafu geuza nyuma. Zile za kampuni, za 1890 hadi 1902, zina simba na mnazi. Za serikali, 1904 hadi 1914, zina matawi ya mnazi yamezunguka neno rupia na mwaka, na kaherufi kadogo: A ni ya Berlin, J ni ya Hamburg.

Flashi inaua yote hayo. Inaweka doa jeupe palepale kwenye tai. Asubuhi tukahamia dirishani, mwanga wa pembeni, karatasi nyeupe chini, sarafu moja moja, simu imenyooka sawa na sarafu. Mbele, nyuma, halafu ubavuni. Picha za ubavuni watu wengi wanazidharau, lakini ndizo zilizotuonyesha kwamba rupia moja iliwahi kuchomelewa kikulabu juu ya kofia ya Kaisari. Mtu aliivaa shingoni. Ukiiangalia usoni imependeza, ukiigeuza ubavu kuna kovu. Mnunuzi mwenye akili atakata bei hapo, na ni haki yake.

Ya tatu ilikuwa inang'aa kuliko zote. Binamu mtu alishaanza kuisugua kwa majivu na limau! Dada zangu, kaka zangu, msisafishe. Mng'ao wa asili ukiinamisha sarafu unazunguka kama miali ya gurudumu. Mng'ao wa majivu umetulia tu, pande zote sawa, na ukikaza jicho unaona mistari midogo ya mchubuko. Ndiyo maana picha moja haitoshi. Chukua video fupi ukiiinamisha taratibu, hapo uongo unajitenga.

Iliyobaki ndo ilikuwa mali: 1911, herufi J, mabawa ya tai yanahesabika, imepauka kijivu cha asili, haijaguswa na limau ya mtu.

Tulishuka nazo mjini kwa sonara mmoja atupimie. Rupia ilitengenezwa na gramu 11.66, fedha karibu asilimia 92. Ile ya 1911 ilikuwa palepale. Iliyochakaa zaidi, ya 1892, ilisoma 11.3. Theluthi ya gramu imeliwa na vidole vya watu. Sumaku haikuvuta hata moja, na ikivuta ujue umepigwa changa la macho, fedha haivutwi. Alipotutajia bei ya kuyeyusha tu, ile elfu kumi ya Dar ilikuwa chini yake. Shilingi za simba hazikutusisimua. Zile za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, na kuanzia 1948 hazina kabisa. Nyuma ya simba kuna milima, na Old Moshi nzima itakuapia kwamba ni Kibo. Mimi niliona milima tu, nikanyamaza, nilikuwa nimeshakula mtori wa watu.

Kijiweni karibu na kwa sonara jamaa mmoja akatuuliza kama rupia yetu "inavuta mchele", maana ya hivyo ina bei ya nyumba. Tukampita. Hakuna sarafu inayovuta mchele ila mkononi mwa tapeli.

Jioni bibi aliishika ile ya 1892 akaipapasa, maana kuiona haioni vizuri. Alisema babu yake alibeba mizigo ya Wajerumani ili apate hizi za kulipia kodi. Kodi ya nyumba ilianza 1898, rupia 3 kwa kibanda cha kijijini. Na huku huku Old Moshi, Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine. Kwenye picha, hiyo sarafu ni daraja la chini, tai kafutika. Bibi kaitia kwenye kitambaa peke yake, kasema hii haiendi popote.

Tukamrushia yule wa Dar picha mpya za 1911, video na uzito. Ghafla jamaa akapandisha bei mara tano, na akarudia palepale: nitumie kwa basi.

Bibi akauliza amesemaje. Tukamweleza.

"Mwambieni apande yeye hilo basi."

Anakuja Jumamosi. Sonara ameshakubali kutuazima mizani, na mnunuzi wa pili, wa Nairobi, ameomba picha za ubavuni.