Komredi Babu na kimya chetu

Wajukuu zetu hapa Kimbiji hudhani tulinyamaza kwa woga. Woga ulikuwepo, sikatai. Lakini wengi tulinyamaza kwa sababu tuliamini, na hilo ndilo gumu kuwaeleza. Mtazameni Abdulrahman Mohamed Babu.

Alizaliwa Unguja mwaka 1924, akasoma Uingereza, akarudi kuwa katibu mkuu wa chama cha Hizbu (ZNP). Waingereza walimfunga kwa uchochezi mwaka 1962. Alipotoka mwaka uliofuata, uchaguzi ulikuwa mlangoni na siasa za visiwani zimeshagawanyika kwa nasaba: huyu Mwarabu, yule Mshirazi, yule wa Bara. Babu alitaka watu wajipange kwa tabaka. Akajitoa Hizbu, akaunda Umma Party, chama kidogo cha vijana na wafanyakazi waliosoma Marx na Mao. Mapema Januari 1964 serikali ikakipiga marufuku, naye akakimbilia Dar es Salaam. Tarehe 12, mapinduzi. Makomredi wake waliobaki Unguja wakaingia humo, na yeye akarudi kuwa waziri wa mambo ya nje.

Ulipokuja Muungano tukampata upande huu, na tukampenda. Mcheshi, msemaji, Wachina wanamjua kwa jina. Desemba 1964 Malcolm X alimpandisha jukwaani Harlem. Kwetu Vijana wa TANU, huyo alikuwa mtu wa pwani aliyesimama na wakubwa wa dunia bila kuinamisha kichwa. (Hayo maneno yake ya tabaka, nusu yake hatukuyaelewa. Mwenye ngalawa na mbeba nyavu tulikuwa tukiwatofautisha kabla hatujamsikia Marx.)

Februari 1972 Mwalimu Nyerere alimwacha nje ya baraza la mawaziri. Aprili 7 Karume, rais wa Zanzibar, akapigwa risasi, akafa. Babu akakamatwa kwa tuhuma za kuhusika, akawekwa kizuizini Bara hadi 1978 bila kufikishwa mahakamani. Zanzibar walimhukumu kifo yeye mwenyewe hayupo, katika kesi isiyokuwa na wakili wa utetezi. Mwalimu akakataa kumpeleka kule, na hapo alimwokoa roho. Lakini kumwachia hakumwachia. Sisi tukawa tunajadili Vietnam, Msumbiji, makaburu, mpaka usiku wa manane. Mtu aliyefungwa mji uleule tunaouzia samaki zetu, hakuna aliyemtaja.

Wapenzi wake nao wana lao wasilopenda kulisema. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini ilipitishwa mwaka 1962, na Babu alikaa karibu miaka minane katika serikali iliyokuwa nayo mkononi. Gereza la mkoloni alilijua. Nadhani alifikiri kama tulivyofikiri sote: sheria mbaya ikishikwa na watu wema haina madhara. Alipotoka akaenda kufundisha Marekani, kisha London, akaandika na kuusema ukali wa chama kimoja hadi alipofariki Agosti 1996. Miaka minne kabla, Tume ya Jaji Nyalali kuhusu mfumo wa vyama ilikuwa imeitaja sheria hiyo ya kizuizini miongoni mwa sheria 40 kandamizi.

Vijana huuliza kwa nini hatukuandamana. Tuliandamana sana, jamani. Mwaka 1967 kulikuwa na vijana waliotembea kwa miguu kutoka mikoani kwenda kuliunga mkono Azimio la Arusha, na njiani watu waliwapa maji na kuwapigia vigelegele.